Sauti ya Mke wa Kwanza

Rafiki yangu anafanya kazi kwenye hifadhi ya nyaraka ya chuo kikuu, akiingiza kanda za masimulizi ya zamani kwenye kompyuta. Siku moja akakutana na sauti ya marehemu mke wa kwanza wa mumewe, akihojiwa kuhusu ususi. Wivu ukamkaba. Miaka saba kaburini, na bado mumewe alimsifia mapishi!

"Dada, niliifuta rekodi ile palepale," aliniambia.

Kesho yake, katika chumba chake cha kazi, cha giza kisicho na dirisha, akaikuta imerudi, imeongezeka dakika moja. Akavaa hedifoni. Masimulizi yakaisha, kukawa kimya. Kisha marehemu akanong'ona:

"Funga mlango, mume wangu. Mke mwenzangu anatusikiliza."

Sauti ya mumewe, aliyemwacha nyumbani asubuhi ile, ikajibu, "Haya, kipenzi."

Zikasikika hatua kwenye hedifoni, kisha mlango wa chumba alimokaa ukafungwa.