Jumana Hali Kitu

Jumana alikuwa na mwaka na nusu, na alikuwa mlaji hasa. Asubuhi alikula maharage na mkate. Mchana alikula wali kwa mlenda, akajipaka mpaka masikioni. Lakini mtu akimsifu, mama yake, Ibtisam, alikuwa na jibu moja tu.

"Huyu? Huyu hali kitu."

Wamisri wenzake katika jengo walimokaa, mjini Sharja, Uarabuni, walimwelewa. Mama akijigamba kwa mtoto wake, anamwitia kijicho, yaani macho ya husuda yanayodhuru. Kwa hiyo walisema, "Mungu amlinde," wakampa Jumana biskuti, naye akaila yote.

Mwezi ule Jumana aliugua homa siku nne, akapungua kidogo. Alipopona, Ibtisam alimpeleka kliniki kuchanjwa. Mumewe, Sabri, fundi umeme, alikuwa kazini. Ibtisam hakujali kwenda peke yake. Alikuwa akijifunza Kiingereza kwenye simu kwa miezi mitatu, na ulimi ulikuwa ukimwasha.

Muuguzi aliitwa Bindu, mtu wa Kerala, India. Alimpima mtoto, akaona uzito umeshuka.

"Anakula vizuri?" aliuliza kwa Kiingereza.

Ibtisam aligeuka. Wanawake sita walikaa nyuma yake, na wote macho kwa Jumana. Akaingiwa na hofu.

"No," alisema. "She never eats."

"Na kulala?"

"She never sleeps." Alilisema kwa sauti, ili wale sita wasikie vizuri.

Bindu aliacha kutabasamu, akamwita daktari. Daktari aliuliza yale yale, akajibiwa yale yale. Akaandika barua. Kesho mtoto alazwe hospitali, achukuliwe damu, atiwe mpira puani wa kumlishia.

Ibtisam alirudi nyumbani analia. Hakujua kosa lake liko wapi. Alipanda moja kwa moja hadi ghorofa ya tatu, kwa Mwalimu Awatif, mama wa Kisudani aliyefundisha Kiingereza.

Mwalimu aliisoma barua, akairudia. Kisha akamtazama Jumana, aliyekuwa na kipande cha pili cha keki mkononi.

"Mama Jumana, huyu anayemaliza keki yangu ni nani?"

"Usinitanie, Mwalimu. Mwanangu wanamtia mpira puani kesho."

"Ulimwambia nini daktari?"

"Nilimwambia hali. Never."

"Haya, nisikilize. Mimi nikikusikia unasema hali kitu, najua unamkinga na kijicho. Nakata maneno tisa katika kumi. Daktari hakati hata moja. Anaandika ulichosema. Na never maana yake si leo, si jana, si hata mara moja."

Ibtisam alijishika mdomo. "Yaani nimemwambia daktari kwamba mwanangu hajala tangu azaliwe?"

"Na hajafumba jicho."

Ibtisam akacheka, huku machozi bado yanatoka.

"Neno hilo ni zito," Mwalimu aliendelea. "Lina ukanushi wake ndani, usiliongezee not. Liweke kabla ya kitenzi. Tujaribu. Sabri huosha vyombo?"

"Sabri never washes the dishes," Ibtisam alijibu bila hata kufikiri.

"Umelipanga sawasawa. Lakini ni kweli? Hata mara moja?"

Ibtisam alikumbuka. "Nikiugua, huosha."

"Basi umemwonea mume wa watu. Hapo sema sometimes, yaani mara mojamoja. Jambo la siku nyingi ni usually. Kabla never haijakutoka, jiulize: hata mara moja haijatokea?"

Walifanya mazoezi mpaka adhana ya alasiri. Lakini jambo moja bado lilimkaba Ibtisam.

"Mwalimu, nitasemaje mbele ya watu kwamba anakula?"

"Sema kweli, umalizie na mashallah. Na ukiogopa macho ya watu, omba mlango ufungwe. Kufunga mlango kuna gharama gani?"

Asubuhi, kabla ya saa ya kwenda hospitali, Ibtisam alikuwa kliniki. Aliomba mlango ufungwe. Bindu akaufunga, daktari naye yumo ndani.

"She usually eats well," Ibtisam alisema polepole, na haraka akaongeza, "Mashallah. She never refuses bread. Sometimes she wakes up at night." Kisha akaeleza habari ya homa.

Daktari alishangaa. "Jana ulisema hali kabisa."

"Niliogopa kijicho, daktari. Watu walikuwa wanamtazama."

Daktari hakuelewa. Aliyeelewa ni Bindu, na alicheka mpaka akashika meza.

"Daktari, kwetu mtoto mzuri tunampaka wanja shavuni ili aonekane ana kasoro. Bibi yangu aliniambia mimi mbaya mpaka siku niliyoolewa."

Daktari alimpapasa Jumana tumbo, akampima tena. "Ni ile homa tu," alisema. "Mrudishe baada ya wiki mbili." Akaichana barua. Ibtisam alimkumbatia Jumana kwa furaha. Usiku ule Jumana alilala kitandani kwake, si hospitali.

Baada ya wiki mbili walirudi. Mashavu ya Jumana yalikuwa yamejaa. Mwanamke mmoja kwenye benchi akasema, "Huyu kanenepa! Unamlisha nini?"

"Nani, huyu?" Ibtisam alisema. "Huyu hali kitu."

Bindu akawaita. Ibtisam aliingia, akaufunga mlango mwenyewe, akasema kweli yote.