Kichwa cha Kutangazia Viko

Mbishi kama Bi Khairiya wa Jadida mie sijamwona. Mwalimu mstaafu huyu, miaka thelathini anakusanya vikorokoro ambavyo wenziwe wangevitupa: vitu vidogo vya udongo mgumu kama jiwe, vilivyotolewa zamani na viwanda vya Ulaya vya viko vya kuvutia tumbaku ili kujitangaza. Kiatu, kipipa, jogoo, kila kimoja kina jina la kiwanda chini yake. Alikuwa navyo kumi na kimoja. Alichokosa ni kichwa cha mzee, kile chenye tundu mdomoni la kuchomekea kiko.

Jumatatu moja, akitoka kuchuma mchaichai, akakiona mzimuni, kati ya maganda ya mayai na vitambaa vyekundu. Watu walikuwa wakikifukizia ubani. Akakigeuza, akasoma jina la kiwanda, akakitia kikapuni bila hata bismillahi.

Mdogo wake, Asya, alipokiona rafuni alirudi nyuma mpaka mlangoni.

"Kirejeshe, dada," akanong'ona. "Cha mzimuni kikikaa nyumbani siku saba, kinachukua kinywa cha aliyekileta."

"Hiki ni tangazo la biashara, Asya. Sikirejeshi ng'o."

Siku ya tatu, mchana kweupe, nyumba ikanuka tumbaku. Humo havuti mtu. Siku ya tano moshi mwembamba ukatoka kwenye tundu la kile kichwa. Asya akaleta ubani wa kukituliza. Khairiya akaumwaga uani.

"Kwangu hakifukiziwi kitu."

Akayeyusha nta, akaziba tundu. Moshi ukakatika. Akacheka peke yake.

Siku ya saba, asubuhi, Asya akaja. Kichwa kiko pale pale. Tundu wazi. Nta iko sakafuni, imeumwa. Alama za meno, na katikati pengo. Juu, kushoto.

Asya akamtazama dada yake. Pengo la Khairiya liko juu, kushoto.

Khairiya akafungua kinywa. Midomo ikacheza, sauti haikutoka.

"Nirejesheni," ikasema sauti ya Khairiya. Ilitoka rafuni.

Asya akapiga kelele, akataka kukibeba kile kichwa akirejeshe mzimuni. Khairiya akamsukuma mkono. Machozi yanamtoka, lakini akachukua chaki yake ya ualimu, akaandika ukutani: SIKIREJESHI.

Maandishi yapo mpaka leo, na kichwa kipo. Ile nta Asya kaifunga kwenye leso. Mie nimeishika. Bado ina joto la kinywa.