Okinyi Halali kwa Mamake

Mnanijua, mimi Mama Caren, mwenyekiti wa Nyumba Kumi hapa Nyalenda, na mnajua mdomo wangu haunyamazi. Leo nitajisema mwenyewe.

Jumapili hiyo, baada ya kanisa, tulikuwa tumeketi nje kwa Benta, yule mjane anayekaanga samaki. Mwanawe Okinyi, fundi baiskeli wa miaka kumi na tisa, alikuwa anamtengenezea jiko.

"Mama, hii jiko imezeeka kukushinda," akamtania. Benta akamrushia kitambaa, tukacheka.

Chumba chao ni kimoja. Okinyi alikula kwa mamake, lakini alilala kwa rafiki yake Enos, nyumba ya tatu kutoka hapo, kwa sababu kwetu kijana mkubwa halali nyumba moja na mamake. Kijijini angejenga simba, kijumba chake cha ujana. Hapa mjini utaijenga wapi?

Siku mbili baadaye nikarudi kwa Benta na simu niliyopewa na mradi wa vijana, yenye maswali ya kujaza kwa kila nyumba. Tulikuwa tumeambiwa kompyuta itasoma majibu yetu na kuonyesha kijana yupi anaweza kuingia kwa uhalifu, ili asaidiwe mapema, hata kwa kusomeshwa ufundi. Benta alitamani mwanawe apate nafasi ya kusomea kuchomelea vyuma.

"Mama Caren, jaza kila kitu. Mimi sitaki uongo," akaniambia.

Nikamsomea maswali, naye akajibu. Baba yuko? Amekufa. Kijana alimaliza shule? Hapana. Amewahi kushikwa? Mara moja, kwenye msako wa sokoni, akaachiliwa siku hiyo hiyo. Hulala nyumbani?

Benta akacheka. "Sasa kijana mkubwa hivyo alale kwangu aje?"

Nikabonyeza "Hapana". Chini palikuwa na nafasi ya maelezo. Mvua ilikuwa inakuja na nilibakisha nyumba sita. Nikaiacha tupu. Aki ningejua!

Kompyuta ikampa Okinyi rangi nyekundu, yaani kijana wa hatari. Orodha ikatumwa kwa polisi na kwa ofisi ya ustawi wa jamii. Polisi wana gari. Ofisi ya ustawi ina Bridget, mfanyakazi mmoja tu kwa kata nne. Mnajua nani alifika kwanza.

Polisi walikuja asubuhi kwenye kibanda alichokodi cha kutengenezea baiskeli, wakamwaga spana zake chini mbele ya wateja. Hawakupata kitu. Alhamisi wakarudi. Wiki iliyofuata wakarudi tena, nami nikawakimbilia.

"Afande, huyu namjua tangu akitambaa!"

"Mama, si ni wewe ulijaza hii?" mmoja akaniuliza, akanionyesha jina langu kwenye orodha.

Wateja wakahama. Wandera, mwenye kibanda, akamwambia Okinyi atafute mahali pengine. Kijana akaja kwangu, macho mekundu.

"Mama, nilifanya nini?"

Nikamwambia avumilie. Kuvumilia! Ndilo jibu nililokuwa nalo, na hadi leo linaniuma. Waliobaki kumsalimia kwa mkono ni wale vijana walioharibika kweli. Miezi miwili baadaye Okinyi akashikwa kule Ahero akiwa na pikipiki ya wizi.

"Umeona sasa?" afande akaniambia. "Kompyuta ilijua."

Wiki hiyo hiyo Bridget akafika na barua: Okinyi amepata nafasi ya kusomea kuchomelea vyuma. Benta aliisoma akiwa amesimama, vidole vina mafuta ya samaki.

"Nimpelekee hii rumande?" akauliza.

Bridget akaanza kulia. Mimi nilikuwa nimeshaanza.

Funzo

Jirani zangu, kompyuta haikumjua Okinyi. Ilijua tulichoiambia, na mimi niliiambia nusu. Ukijaza habari za mtoto wa mwenzako, eleza na maisha yake, hata kama mvua inakunyeshea. Nanyi wa ofisini, mkiona kijana yuko hatarini, anayemfikia wa kwanza awe yule anayekuja kumsaidia. Mkimpelekea polisi kabla hajakosa, mnamsukuma huko huko mnakohofia ataingia.

Kesi ya Okinyi ni mwezi ujao. Nitasimama kortini niseme yale niliyoacha kuandika. Benta amesema hatakaa benchi moja na mimi, na simlaumu.