Kichupa Shingoni mwa Enock

Wewe mwenye binti anayesoma, kaa nikwambie lililowapata watu wawili waliopendana Katoro, tena mchana kweupe.

Ilikuwa siku ya gulio, bodaboda zinapita mpaka kwenye mafungu ya nyanya. Limi alikuwa dukani, gauni la njano, raba nyeupe, rasta mpya amezifunga juu.

"Nipe spiriti, chumvi na sabuni ya maji," alimwambia mwenye duka.

Kijana aliyekuwa akijaribu gambuti pembeni akacheka. "Dada, hiyo mboga gani?"

"Sio mboga. Leo tunamtoa mtu ndani ya mate yake."

"Mayu wee! Kwa mganga gani huyo?"

"Pale sekondari. Semina ya jenetiki, bure kabisa. Njoo hivyohivyo na gambuti zako."

Kijana ni Enock. Kidato cha sita alifaulu, lakini ada ya chuo ilimshinda, akawa machimboni Rwamgasa kwenye duara, yaani shimo, la mjomba wake Bujiku, anashuka kwa kamba kutafuta dhahabu. Alibeba mfuko wa Limi mpaka darasani, na yeye akakaa.

Limi alikuwa mwanachuo, kwao Shinyanga mjini. Likizo hiyo alifikia kwa rafiki yake Vumilia, msusi, ili asaidie kwenye semina kila Jumamosi.

Wanafunzi walisukutua maji ya chumvi, wakatema kwenye glasi, wakatia sabuni, halafu spiriti taratibu. Nyuzi nyeupe zikapanda zenyewe, laini kama utando wa buibui.

"Hivyo ni vinasaba vyenu," mwalimu alisema, akafungua kompyuta. Herufi nne tu, zinajirudia hazina mwisho. "Bioinfomatiki ni kuzisoma hizi. Rangi ya macho yako, urefu wako, yote yameandikwa humu."

Enock akanong'ona, "Sisi tunafuata mshipa kwenye mwamba, nyie mnafuata mshipa kwenye mtu."

"Basi nifuate," Limi akamwambia, halafu akaona haya.

Alimfuata kweli. Jumamosi zikapita, chipsi za mezani zikawa sahani moja, simu haziishi. Siku moja Enock akasema, "Mpenzi, nikiwa chini kule hakuna mtandao. Nipe kitu chako."

Limi akatia nyuzi za vinasaba vyake kwenye kichupa kidogo, akakifunga uzi mwekundu, akamvisha shingoni. "Haya, umenibeba mzima mzima."

Hapo ndipo pa kuogopa, mzazi mwenzangu. Maana Bujiku alikiona wakati Enock ananawa.

"Dawa ya nani hiyo?"

"Sio dawa, mjomba. Ni Limi, mchumba wangu. Ni yeye kabisa, kuanzia nywele mpaka kucha, yote yamo humu."

Alisema kama alivyofundishwa, bila uongo hata kidogo. Bujiku akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Wiki hiyohiyo mwamba ulifunguka, dhahabu ikaonekana kwa macho. Na kichupa kikapotea kwenye msumari Enock alipokitundika akienda kuoga.

Enock hakumwambia Limi. Aliona aibu.

Limi naye alianza kuona mambo. Akinywa soda gengeni, akigeuka, chupa haipo. Wanaume asiowajua, wenye udongo mwekundu kwenye kope, wakawa wanamwamkia kwa jina na kumpisha njia. Saluni kwa Vumilia, nywele alizochana baada ya kufumua rasta zilitoweka sakafuni kabla ya fagio.

"Vumilia, nani kafagia?"

"Sijafagia." Vumilia alishusha sauti. "Limi, wanasema Enock kakutoa ndagu, kafara ya utajiri. Wanasema umefukiwa kwenye duara, ndiyo maana linatoa dhahabu."

Limi akapiga simu. "Enock, kichupa kiko wapi?"

Enock akaanza kumsalimia.

"Kiko wapi, baba?"

"Kimepotea, mpenzi. Nilitaka kukwambia..."

"Umeniuza!"

"Limi, yale ni mate tu, wewe ndiye uliye..."

"Najua ni mate! Wao wanajua?"

Alikata, akapanda basi la Shinyanga kwa mama yake, Paskalia. Mama alisikiliza yote, akachukua chanuo la binti yake akaliweka chini ya godoro lake mwenyewe.

Siku kadhaa zikapita. Adhuhuri moja simu ikaita. Enock, anahema.

"Usikate. Nimeshuka, nimekifukua. Kilikuwa kwenye ukuta wa mwisho, kimezungushiwa nywele zako. Sasa nipo juu, wapo wote hapa."

Limi akasikia sauti ya Bujiku: "Mwanangu, rudisha hicho. Taratibu."

"Mjomba, mnamtaka huyu? Haya."

Kizibo kikalia. Kisha koo.

"Enock! Umefanya nini?"

"Nimekumeza," alisema, anacheka na kulia. "Hawana kitu chako tena. Nimeacha duara, Limi. Nioe... aa, nikuoe. Nikuoe?"

"Mjinga wewe! Ndiyo!" Akajifuta machozi. "Lakini mbona kimya hivyo? Wameondoka?"

"Hapana. Wananiangalia tu."

Siku ya posa Enock alivaa shati jeupe, viatu vinang'aa, na Limi kitenge cha bluu. Wazee wa Enock walikuja wachache, wapole, Bujiku akiwemo, amekuja kuomba radhi. Walikula wali na kuku, walicheka, waliagana vizuri.

Paskalia akaenda kuosha vyombo. Sahani zote zipo. Glasi ya mkwe, Enock, haipo.

Akarudi sebuleni. Kile kitambaa cheupe cha kiti, pale Enock alipoegemeza kichwa, kimekatwa kipande cha mraba, safi, kwa wembe. Akaelewa: sasa kichupa ni Enock mwenyewe.

Nje Limi na Enock walikuwa wanataniana mlangoni. Paskalia hakuwaita. Alichukua fagio, akafagia sebule, akafagia uwanja mpaka barabarani, akachoma takataka zote huku machozi yanamtoka.

Semina haikuwa na kosa, wapelekeni watoto wakasome. Ila waambieni: ya darasani si ya kumweleza kila mtu, maana mwingine anakusikiliza kwa njaa yake. Mpenzi mpe picha. Mpe leso, lakini uifue kwanza.