Dola ya Korongoni

Kila asubuhi ya kiangazi Flora alichukua ndoo yake na kata, akashuka korongoni kuteka maji kabla ya kwenda shule, na jioni akashuka tena. Pampu ya kijiji chao, upande wa Kinyangiri, ilikuwa imeharibika, na fundi aliyeahidiwa kila wiki ilisemwa yuko njiani, asifike. Basi watu wakarudia maji ya zamani, yale ya kuchimba kwenye mchanga wa korongo.

Palikuwa na visima vitatu vya watu, kila kimoja kimezungushiwa matawi ya miiba ili mifugo isiingie. Chini zaidi palikuwa na shimo la ng'ombe, lililoachwa wazi. Sheria ya korongo haikuandikwa popote, lakini hata mtoto aliyeanza kutembea juzi aliijua. Ukifungua miiba, uifunge. Na mwenye kiu hafukuzwi.

Flora hakushuka peke yake. Alikwenda na Anastazia, jirani yake, aliyesoma naye darasa la sita. Anastazia aliishi na bibi yake na mdogo wake Deo, mtoto wa miaka mitatu. Ndoo ikijaa ni vigumu kujitwika mwenyewe, kwa hiyo wasichana hao walitwishana. Huyu akimwinulia yule, yule naye akimwinulia huyu kwa mkono mmoja, wakicheka maji yakiwamwagikia shingoni.

Siku moja Mwalimu Alute, aliyewafundisha historia, alitundika ramani kubwa ubaoni. Aliwaonyesha Dola ya Uthmaniya, iliyoshika ardhi ya Ulaya, Asia na Afrika. Akawaonyesha Wahispania, waliovuka bahari hadi Amerika na visiwa vya Asia. Kisha akazungusha fimbo yake juu ya himaya ya Waingereza, akasema jua likizama upande mmoja lilikuwa linachomoza upande mwingine juu ya bendera ileile.

Hosea akanyoosha mkono. Alikuwa kiranja wa darasa, mwenye sauti nzito kuliko umri wake.

"Mwalimu, mfalme mmoja aliwezaje kutawala watu walio mbali hivyo?"

"Swali zuri. Hakuwatawala yeye mwenyewe. Wajerumani, kwa mfano, walipofika huku kwetu walitumia maakida na majumbe. Akida alikusanya kodi, alitoa amri, aliadhibu. Kila dola ilikuwa na watu wa namna hiyo."

Kengele ikalia. Mwalimu akakunja ramani, akasema wataendelea wiki ijayo. Laiti kengele ile ingechelewa kidogo, maana watoto walitoka na nusu ya somo, na nusu ya somo ni hatari kuliko ujinga.

Jioni ileile Hosea alisimama juu ya jiwe korongoni na kujitangaza mfalme. Kisima cha kwanza akakiita Afrika, cha pili Asia, cha tatu Amerika. Watoto wakashangilia. Mchezo ulikuwa mtamu, lazima tuseme kweli. Anayetaka maji alipaswa kulipa kodi ya karanga, au kujaza kwanza ndoo za wakubwa wa dola. Watu wazima hawakuliona hilo, kwani kuteka maji jioni ilikuwa kazi ya watoto.

"Flora," Hosea alisema, "wewe utakuwa akida wangu."

Flora alijisikia amekua ghafla. Alipewa fimbo. Watoto waliompita jana bila salamu sasa walimpisha njia. Hata ndoo yake hakuijaza tena mwenyewe.

Siku ya tatu mfalme alitaka ukuta wa kulinda Afrika na Asia. Miiba haikutosha. Flora akaburuta matawi yote yaliyozunguka kisima cha Amerika, akayapanga kwenye ukuta wa mfalme. Hakuna aliyewaza kuhusu ng'ombe. Mchana, watoto wakiwa shuleni, mifugo ikaingia Amerika, ikakanyaga, ikanywa, ikaacha samadi humo.

Jioni Anastazia akaja na ndoo yake. Hakuwa na karanga, kwa kuwa bibi yake alikuwa mgonjwa na shamba lao halikuvunwa vizuri. Bila kunung'unika alijaza kwanza ndoo ya Hosea, kisha ya Flora. Mgongo ulimuuma. Mwisho akajaza yake, akainama kuinyanyua.

"Akida!" Hosea akapaza sauti. "Huyo hajamsalimu mfalme. Mwaga!"

Watoto wakamtazama Flora.

"Flora," Anastazia akasema polepole, "Deo ana kiu tangu mchana. Na giza linaingia."

"Hapa hakuna Flora," akajibu. "Hapa kuna akida."

Akaipiga ndoo teke. Maji yakamwagika, mchanga ukayanywa mara moja, kama vile hayakuwahi kuwapo. Watoto wakacheka. Mmoja akammwagia Anastazia kopo la mchanga kichwani, nao wakacheka zaidi.

"Sasa nikateke wapi?" Anastazia akauliza, akijifuta macho.

"Nenda Amerika," Flora akasema. Alijua vizuri nani aliondoa miiba ya Amerika. Alijua, na bado alisema.

Anastazia akaenda. Aliona nyayo za ng'ombe, akateka upande uliotulia, akajitwika kwa taabu huku hakuna hata mmoja aliyemsaidia. Deo alikuwa mlangoni akimsubiri. Kabla dada yake hajawasha moto wa kuchemsha maji, mtoto alikuwa ameshachovya kikombe na kunywa hadi tumbo likajaa.

Kesho yake Anastazia hakuonekana shuleni. Flora aliporudi nyumbani alimkuta mama yake anajifunga kanga.

"Deo yuko zahanati. Ameharisha na kutapika mpaka macho yamezama. Wamempeleka kwa bodaboda. Twende tukamwone."

Deo alikuwa amelala na dripu mkononi, midomo imekauka, hata kulia hawezi. Anastazia aliketi karibu naye na bibi yao. Nesi, aliyeitwa Leah, alisimama akiuliza kwa haraka.

"Maji aliyokunywa mmeyateka wapi? Nijibuni. Kama kisima kimechafuka, kesho nitaletewa watoto wengine, na dripu zenyewe ni za kuhesabu."

Bibi hakujua. Anastazia alimtazama Flora, kisha akatazama sakafu. Aliogopa kumtaja akida.

Flora alitamani kutoka nje. Akisema, mama yake atasikia, na kijiji kizima kitajua. Asiposema, kuna ndoo zilizokuwa zinajazwa kisimani kule jioni ile. Akamwangalia Deo. Mtoto alifungua jicho moja, akalifumba.

"Kisima cha tatu," Flora akasema. "Ng'ombe wameingia. Miiba nimeitoa mimi. Na Anastazia nilimtuma mimi huko, baada ya kumwaga maji yake."

Mama yake hakumpiga. Alivua kanga ya begani, akamfunika Deo, akatoka nje bila kumsubiri binti yake. Flora angependa kupigwa.

Nesi alimpigia simu mwenyekiti wa kijiji, na kisima cha tatu kikafungwa jioni hiyohiyo. Deo alilala zahanati siku kadhaa kabla ya kupata nguvu ya kudai uji. Kwa baraka za Mungu, alipona.

Mwalimu Alute alipopata habari, alilipeleka darasa zima korongoni. Aliutazama ukuta wa miiba, akamwita Hosea mbele.

"Wewe ndiye mfalme?"

"Ndiyo, mwalimu. Lakini mimi sikumwaga maji ya mtu," Hosea akasema upesi. "Sikutoa hata tawi moja. Muulize akida."

Flora akainua kichwa. Kumbe ni kwa ajili ya huyu alikuwa amemtupa rafiki yake!

"Mmesikia?" Mwalimu akasema. "Hilo ndilo somo nililolikatisha. Wafalme wa dola zile kubwa wengi wao hawakuwahi kuuona mtaa wa mtu waliyemtesa. Walikaa mbali. Aliyegonga mlango, aliyechukua mbuzi wa mjane, alikuwa mara nyingi mtu wa hapahapa, jirani aliyepewa fimbo. Mfalme akiulizwa, hujibu kama Hosea alivyojibu. Hosea, amri ni yako na dhambi ni yako, usijifiche nyuma ya msichana. Na wewe Flora, mkono uliomwaga ulikuwa wako. Ukipewa fimbo, jiulize kwanza ni mgongo wa nani utakaopigwa. Dola huvuka mabara, lakini husimama juu ya mtu mdogo anayekubali."

Kisha akawaamuru wabomoe ukuta na kurudisha miiba kwenye visima. Hosea alibeba matawi makubwa, mikono ikamtoka damu, na hakuna aliyemhurumia. Kisima cha tatu walikichota maji machafu na tope mpaka mchanga safi ukaonekana, na nesi akakataza kitumike kwa kunywa mpaka kikaguliwe.

Kuanzia hapo Flora alikwenda korongoni peke yake. Kila asubuhi alipeleka ndoo moja ya maji kwa bibi yake Anastazia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Weka hapo." Siku ya kwanza bibi aliongeza: "Maji nimepokea, mjukuu wangu. Urafiki si wangu kuurudisha. Huo kamuombe mwenyewe."

Flora aliomba. Anastazia alimsikiliza, kisha akachukua ndoo yake akaenda zake.

Asubuhi moja walikutana kisimani wawili tu. Anastazia alijaza ndoo, akajaribu kuinyanyua, ikamshinda. Akajaribu tena. Akatazama njia, hakuna aliyekuwa anakuja. Flora alisimama pale pale, hakuthubutu kusogea bila kuitwa.

Anastazia akavuta pumzi.

"Nitwishe," akasema.

Flora akasogea, akainua ndoo kwa mikono yote miwili, kwa uangalifu, asimwage hata tone.