Viatu Vilivyomuumiza Serafina

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kufagia uwanja na kuchota maji, Serafina aliungana na wenzake wa Nyahanga, mjini Kahama, kwa mazoezi ya baiskeli. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakuna msichana aliyempita kwenye miinuko. Hiyo ilikuwa kabla ya timu kupewa viatu vya mashindano.

Chini ya kila kiatu palikuwa na kipande cha plastiki ngumu walichokiita kishikizo. Kazi yake ni kunasa kwenye pedeli ili mguu usiteleze. Lakini tangu Serafina avivae, vidole vyake vilikufa ganzi, nyayo ziliwaka moto na goti la kushoto lilimuuma.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba uangalie viatu vyangu, vinaniumiza."

"Marahaba. Utavizoea," alijibu Mwalimu Edson, kocha wao, akiendelea kujaza tairi upepo.

Wiki iliyofuata alimwomba tena. Safari hii kocha alikasirika. "Unadeka! Mbona wenzako hawalalamiki? Kama umekuwa mvivu, sema, nafasi yako ya kwenda kwenye mashindano ya Katoro nimpe mwingine."

Mvivu? Yeye? Serafina alirudi nyumbani akichechemea, machozi ya hasira yakimlengalenga.

Jumamosi nyingine, maumivu yalipoanza tu, alishuka kwenye baiskeli, akavua viatu na kumfuata kocha kwa soksi, vumbini.

"Mwalimu, mimi si mvivu wala sidanganyi. Nimekuomba mara mbili na hujaangalia. Siendeshi mpaka uangalie."

Rafiki yake Ghati akasema kwa sauti ndogo, "Hata mimi vinaniuma. Niliogopa kuachwa."

Mwalimu Edson alichukua viatu, akavigeuza. Vishikizo vilikuwa mbele mno, karibu na ncha za vidole, na cha kushoto kilikaa upande.

"Nilivifunga mwenyewe, harakaharaka," alisema taratibu. "Sikumpima mtu hata mmoja."

Alimvalisha Serafina viatu, akapapasa mfupa ulio kwenye shina la kidole gumba, akaweka alama kwa chaki. Alilegeza bolti, akarudisha vishikizo nyuma hadi chini ya mfupa ule. Cha kushoto alikizungusha kidogo kifuate mguu wa Serafina unavyoelekea wenyewe, kisha akakaza.

Serafina aliendesha hadi kwenye kituo cha mafuta na kurudi.

"Haviumi," alisema, lakini hakutabasamu. "Ungeangalia siku ile ya kwanza, Mwalimu."

"Ni kweli. Nimekukosea, Serafina, nisamehe." Kocha aliwageukia wengine. "Nani mwingine vinamuumiza?"

Karibu mikono yote ilinyooshwa.

Mwalimu Edson aliitazama mikono ile, akashusha pumzi. "Sikilizeni, wanangu. Kuumwa si uvivu. Mwili ukiuma, semeni. Mtu mzima akiwapuuza, semeni tena, hata kwa mwingine. Na mimi nitaangalia kwanza kabla ya kukaripia. Haya, vueni viatu."

Akakaa chini vumbini, akaanza na vya Ghati.