Kasi Iliyozimwa Kimyakimya

Saa sita mchana duka la kompyuta lilikuwa limejaa hadi mlangoni, na dada mmoja aliyevaa gauni la njano na raba nyeupe alikuwa akigonga juu ya kaunta boksi tupu la RAM, ile kumbukumbu ya kompyuta.

"Hapa pameandikwa kasi elfu tatu mia mbili. Soma! Kompyuta yangu inasema elfu mbili mia moja thelathini na tatu. Mmeniuzia RAM feki!"

Muuzaji alinywea. Nyuma yake, kwenye meza ya ufundi, mwanaume mrefu mwenye ndevu zilizochongwa na bisibisi nyuma ya sikio akacheka. Alichagua wakati mbaya wa kucheka.

"Unacheka nini wewe?"

"Sikucheki wewe, dada. Naicheka kompyuta. RAM yako si feki. Mtengenezaji ameweka profaili ya kasi humo humo ndani, lakini kompyuta huwa inaanza polepole, kwa tahadhari. Haipandi mpaka mwenyewe uingie kwenye mipangilio uiwashe."

"Na nani aliniambia?"

"Hakuna."

"Basi ndiyo maana nina hasira!"

Kompyuta yenyewe alikuwa ameibeba, ipo chini miguuni pake. Fundi akaiinua, akaichomeka, akabonyeza hapa na pale, akabadilisha mstari mmoja tu. Ilipowaka tena ikasoma elfu tatu mia mbili.

"Sekunde kumi?" dada alifoka. "Miezi mitano najikokota, kumbe dawa yake ni sekunde kumi?"

"Chukua na namba yangu. Ikisumbua nipigie."

"Isiposumbua?"

"Nitapiga mimi."

Akapiga jioni ile ile. Mtu anayempenda mwanamke kwa sababu ya hasira zake asije akalalamika baadaye kwamba ana hasira, lakini huyu alikuja kulalamika, tutamfikia.

Dada alikuwa mchoraji wa katuni za video. Walipendana miezi saba. Asubuhi simu: "Umeamka, laazizi?" Mchana simu: "Umekula?" Jioni fundi hupita akiwa amebadilisha shati la kazini kwa shati la buluu lililopigwa pasi hadi makunyanzi yakakimbia, na mchoraji humwambia, "Umependeza. Nani kakuchagulia?" Fundi alimfundisha kufungua kompyuta, kusafisha feni, kuingia kwenye mipangilio. Mchoraji akawa anaringa nayo mbele ya wenzake.

Kisha ikaja nafasi. Studio moja kubwa ilitaka filamu ya dakika tatu kwa ajili ya watoto. Ikipita, mchoraji angepewa mfululizo mzima, yeye ndiye kiongozi, si msaidizi wa kupaka rangi michoro ya mtu mwingine kama alivyofanya miaka sita. Akachora twiga anayeogopa kupanda lifti. Filamu ilitakiwa Ijumaa saa nne asubuhi.

Alhamisi aliona mambo yamekwenda mrama. Kazi iliyokuwa ikichukua dakika nne sasa ilichukua dakika tano na nusu. Akaingia kwenye mipangilio, akakuta profaili imezimwa. Akaiwasha, akajipongeza kwa sauti. Mchana kompyuta ikazima yenyewe katikati ya kazi, ikawaka, ikazima tena. Faili la filamu likakataa kufunguka.

Fundi alikuja mbio. Alitazama skrini mara moja tu, akaropoka.

"Mbona profaili imewashwa? Si niliizima jana!"

Mchoraji akamgeukia.

"Uliizima wewe?"

"RAM moja imeanza kuharibika, mpenzi. Kwa kasi ile inatoa makosa. Nikaishusha ili ufanye kazi salama mpaka nikupatie nyingine."

"Na mdomo wako ulikuwa wapi?"

"Una wiki ngumu. Sikutaka kukutia presha."

"Nimeiwasha mimi! Kwa mkono wangu, kama ulivyonifundisha! Nilidhani nimekuwa mjanja, kumbe najichomea nyumba mwenyewe!"

"Ungeniuliza kwanza kabla ya kuiwasha!"

"Nikuulize wewe? Kompyuta ni yangu! Wewe ndiye wa kuuliza!"

"Kila kitu kwako ni ugomvi!" Fundi naye alipanda. "Nikisema, vita. Nikinyamaza, vita. Nifanye lipi?"

"Useme! Vita tutapigana, lakini useme!" Mchoraji akasukuma kiti. "Baba yangu alinificha ugonjwa miezi minane. Eti ananipenda, hataki nihangaike. Nimefika hospitali hawezi hata kulitaja jina langu. Upendo wa hivyo sitaki tena. Toka."

"Nisikilize..."

"Toka!"

Fundi akatoka, mlango ukabamizwa hadi jirani akachungulia.

Mama msimamizi wa studio alimpa mchoraji hadi Jumatatu mchana, bila dakika ya ziada. Bahati nzuri alikuwa na nakala za picha zote, alizozihifadhi kwenye diski ya nje Ijumaa iliyopita. Shangazi yake, mwenye duka la fotokopi, akampa kompyuta ya pembeni afanyie kazi. Fundi alipiga simu mara kumi na saba. Hazikupokewa.

"Umemkasirikia yeye au marehemu kaka yangu?" shangazi aliuliza.

"Wote wawili."

"Kaka yangu hawezi tena kukujibu, mwanangu."

Jumamosi kabla ya adhuhuri simu ya shangazi ikaita. Akasikiliza, kisha akamnyooshea mchoraji. "Ni fundi wako. Anasema si ya mapenzi, ni ya kazi. Pokea."

"Sema haraka," mchoraji alisema.

"Zile nakala za Ijumaa usizipeleke kabla ya kuzikagua."

"Kwa nini? RAM imeanza kusumbua juzi."

"Profaili niliizima Jumatano hii. Makosa niliyaona Jumanne ya wiki iliyopita, nilipokuja kusafisha feni. Siku nane nimekuangalia unafanya kazi juu ya kitu kibovu."

Mchoraji akafungua picha za dakika ya pili, akazipitisha polepole. Shingo ya twiga ilikuwa imekatwa na mstari wa kijani. Angeipeleka hivyo hivyo.

"Tulikula pamoja Jumamosi iliyopita! Ulinichekea!"

"Ndiyo."

"Huku unajua?"

"Ndiyo."

"Usiniitikie ndiyo, ndiyo!"

"Nikisema kingine nitakuwa nadanganya. Ningenyamaza, ungedhani diski ndiyo mbovu. Bora unichukie ukiwa unajua."

Mchoraji alifuta machozi kwa kiganja, kwa nguvu, kama anayejipiga. Hakuna mwanaume aliyewahi kumwambia jambo baya linalomuumiza msemaji mwenyewe. Hilo lilimkasirisha zaidi, kwa sababu lilimgusa.

"Zimeharibika ngapi?"

"Sijui. Ziko elfu nne na mia tatu, lazima zitazamwe moja moja. Macho mawili hayatoshi. Nakuuliza: nije?"

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Sijawahi kuwa na hasira kama hii maishani mwangu."

"Nasikia."

"Basi njoo nikugombeze ukiwa mbele yangu. Siwezi kumaliza haya yote kwenye simu."

Alifika dukani kwa shangazi baada ya dakika ishirini, vifungo vya shati vimepishana, ndevu hazijachongwa. Hakujitetea wala kumsogelea. Akavuta kiti, wakagawana picha, wakaanza kutazama. Saa nzima ilipita, picha baada ya picha.

"Hii ina kasoro," fundi akasema. "Sikioni, hapa. Na kuna jingine."

"Lipi?"

Akasogeza hadi picha ya mwisho. "Huyu twiga anavyocheka mwishoni... toka mwanzo sikuwahi kumpenda. Niliogopa kukuambia."

Mchoraji aligeuka mzima mzima. Wateja waliokuwa wakisubiri fotokopi zao walimsikia akimfokea mpaka nje barabarani, kuhusu twiga, kuhusu RAM, kuhusu Jumamosi ile na chakula chao. Ambacho hawakukiona ni kwamba alikuwa amemshika mkono chini ya meza, na alipomaliza kufoka hakuuachia.